Je, Kuwaondoa Wachuuzi Kutayafufua Maduka ya Vitongojini?

Kila baada ya miaka michache husikika katika vitongoji vya Dar es Salaam kilio kilekile: maduka yamelala, wateja hawaingii, na chanzo cha yote ni wachuuzi waliotandaza bidhaa mbele ya milango. Kuanzia Tandika na Mbagala Rangi Tatu upande wa Temeke, hadi Mwenge na Tegeta upande wa Kinondoni, kilio hicho hutolewa na watu makini, waliolipa kodi ya pango, leseni na ushuru, kisha wakaketi mchana kutwa nyuma ya meza wakiwatazama watu wanaonunua barazani pasipo kuvuka kizingiti. Dai la watu hao halistahili kubezwa. Hata hivyo halistahili kukubaliwa kabla ya kupimwa, kwa sababu utekelezaji wake huwagusa maelfu ya watu ambao chakula chao cha jioni hutokana na mauzo ya asubuhi.

Ukubwa wa jambo hili waweza kukadiriwa kwa Sensa ya mwaka 2022, ambayo ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kati yao 1,346,674 walikuwa Temeke na 982,328 Kinondoni. Wengi wa watu hao huishi kwa biashara ndogondogo na vibarua. Basi swali la kwamba kumwondoa mchuuzi kutamfufua mwenye duka ni swali la riziki za pande mbili, na lafaa kujibiwa kwa njia ya kisayansi: kwa kutazama yaliyokwisha kutendeka, kwa kuchunguza jinsi mnunuzi anavyotembea, na kwa kupima.

Dawa ya zamani

Tanzania ina historia ndefu ya kujaribu kuimarisha namna moja ya biashara kwa kuifunga nyingine. Mwaka 1976 ilifanyika Operesheni Maduka, iliyokusudia kuondoa maduka ya watu binafsi ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika. Kusudi lilikuwa jema, lakini mahali pengi maduka ya zamani yalifungwa kabla ya yale mapya kuwa na bidhaa, wananchi wakakosa mahitaji, na hatimaye agizo likalegezwa. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Watu walioonekana hawana kazi maalumu mjini, wachuuzi wakiwamo, walikamatwa na kupelekwa mashambani. Wengi walirejea mjini, na baadaye wachuuzi wakapewa leseni ndogo ambazo nazo ziliitwa kwa jina hilohilo la nguvu kazi.

Mwaka 2006 wafanyabiashara wadogo waliondolewa tena katika barabara za miji mikubwa na kuelekezwa katika masoko yaliyotengwa. Haukupita muda mrefu wakaonekana tena katika maeneo yaleyale. Mwaka 2018 upepo uligeuka: Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya Sh. 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi Sh. milioni 4, na wenye vitambulisho wakaruhusiwa kufanya kazi bila kubughudhiwa. Idadi ya meza na vibanda barabarani iliongezeka sana. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, ikaagizwa kwamba wapangwe upya kwa utaratibu, na mwezi Oktoba wa mwaka huo vibanda vingi vya Dar es Salaam vilibomolewa. Miaka michache baadaye, bidhaa zilikuwa zimeanza kutandazwa tena.

Si Tanzania peke yake. Nairobi ilifungua soko la Muthurwa mwaka 2008 ili wachuuzi watoke katikati ya jiji, na bado uchuuzi katika barabara za Nairobi haukwisha. Kampala ilifanya operesheni yake Januari 2022. Dawa inayorudiwa mara nyingi hivi pasipo mgonjwa kupona humlazimu tabibu kuuliza kama ugonjwa wenyewe ulitambuliwa sawasawa.

Mnunuzi hutoka wapi?

Mwaka 1931 Mmarekani William Reilly alitoa kanuni iliyofananishwa na ile ya Newton juu ya mvutano wa sayari. Alisema kwamba nguvu ya mji kuvuta wanunuzi huongezeka kadiri mji unavyokuwa mkubwa, na hupungua kwa mraba wa umbali. Yaani umbali ukizidi mara mbili, mvuto hupungua mara nne. Kanuni hiyo ni ya jumla mno kuweza kueleza kila mtaa, lakini inakumbusha jambo ambalo mwenye duka aliyekasirika husahau kwa urahisi: mnunuzi huletwa dukani kwanza na njia anayopita.

Katika Dar es Salaam njia hiyo huamuliwa zaidi na kituo cha basi. Mabasi ya mikoani yalipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, maduka, nyumba za wageni na migahawa iliyoizunguka stendi ya zamani ilipoteza mkondo wa wasafiri uliokuwa ukiilisha kwa miaka mingi. Hakuna mchuuzi aliyeuziba mkondo huo. Ulihamia mahali pengine pamoja na mabasi. Vivyo hivyo daladala zilipotolewa Mwenge na kupelekwa Makumbusho, mkondo wa watu ulibadilika, na biashara zikalazimika kuufuata. Wachuuzi ndio waliokuwa wa kwanza kuufuata, kwa sababu meza hubebwa kichwani, ilhali duka limefungwa na mkataba wa pango.

Hapa ndipo kosa la hoja huanzia. Mtu akiona mahali penye wachuuzi wengi na maduka yaliyodorora, ni rahisi kudhani kwamba jambo la kwanza limesababisha la pili. Lakini yawezekana mambo yote mawili yametokana na la tatu, yaani kubadilika kwa njia za watu. Mvua ikinyesha, vyura hulia na barabara hujaa maji. Hapana anayesema kwamba vyura ndio walioleta mafuriko.

Watu huvuta watu

Jambo la pili lililochunguzwa ni tabia ya mtu akiwa tayari barabarani. Mtafiti William Whyte alitumia miaka kadhaa kupiga picha za sinema za viwanja na njia za New York, na mwaka 1980 akatoa matokeo yake. Aligundua kwamba kinachowavuta watu mahali ni kuwapo kwa watu wengine, na kwamba wauza vyakula wa barabarani walikuwa miongoni mwa sababu za uwanja kuchangamka. Kiwanja kilichosafishwa sana, kisicho na mahali pa kuketi wala kitu cha kununua, kilibaki kitupu hata kilipokuwa kizuri machoni pa waliokichora.

Wanauchumi nao wana maelezo yanayoafikiana na hayo. Mwaka 1929 Harold Hotelling alionyesha kwa hesabu jinsi wauzaji wanaoshindana wanavyoelekea kusogeleana badala ya kutawanyika. Wengine waliomfuata wakaongeza kwamba mnunuzi anayetaka kulinganisha hupenda kwenda penye wauzaji wengi. Ndiyo maana vitambaa huuzwa mtaa mmoja na vipuri vya magari mtaa mwingine. Anayekwenda Tandika kutafuta viatu huenda kwa sababu anajua viatu ni vingi huko, vya dukani na vya chini. Wakiondoka wa chini, sifa ya mahali hupungua, na pengine safari yenyewe haifanyiki.

Mfano wa hesabu waweza kusaidia. Ichukuliwe kwamba watu 1,000 hupita mbele ya duka kwa siku, na katika kila mia huingia 5. Wanaoingia ni 50. Wachuuzi wakiondolewa, mlango unaonekana vizuri zaidi, na sasa katika kila mia huingia 6. Mwenye duka akitazama fungu hilo atafurahi. Lakini ikiwa wapitao wamepungua hadi 700 kwa sababu mtaa umepoa, wanaoingia watakuwa 42. Mlango umekuwa mweupe na mauzo yamepungua. Kama wapitao wangepungua hadi 900 tu, wanaoingia wangekuwa 54, na mwenye duka angepata faida. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Fundisho lake ni kwamba jibu hutegemea vipimo viwili kwa pamoja, na katika mabishano mengi hakuna hata kimoja kilichopimwa.

Zaidi ya hayo, mchuuzi na mwenye duka mara nyingi si maadui kama wanavyoelezwa. Katika biashara ya Kariakoo na masoko ya pembezoni upo utaratibu unaoitwa mali kauli: mwenye duka humkabidhi kijana bidhaa asubuhi kwa neno tu, na kijana hurudisha fedha jioni na kubaki na ziada. Kwa utaratibu huo meza iliyo barabarani ni mkono wa duka lililo nyuma yake, au la mtaa wa pili. Ukiukata mkono huo, shehena hubaki ghalani. Kwa hiyo wenye maduka hawana maslahi ya namna moja: auzaye kwa jumla aweza kuumia kwa kuondoka kwa wachuuzi, na auzaye kwa rejareja bidhaa zilezile aweza kunufaika.

Mfano wa mbali

Mabishano ya namna hii yamefanyika pia katika nchi nyingine, na huko anayelaumiwa mara nyingi ni kijana mwenye ubao wa magurudumu. Ubao huo ni kipande kifupi cha mbao chenye magurudumu manne, ambacho kijana husimama juu yake na kuteleza, kuruka ngazi na kupanda kingo za saruji. Katika miji mingi ya Marekani na Ulaya wenye maduka walidai kwamba michezo hiyo inawafukuza wateja, na mabaraza ya miji yakaweka marufuku. Norway ilipiga marufuku ubao huo nchi nzima kuanzia mwaka 1978 hadi 1989 kwa kuhofia ajali. Vijana waliendelea kucheza mafichoni, na hatimaye sheria ikafutwa.

Huko Philadelphia kulikuwa na uwanja wa katikati ya jiji uliojulikana duniani kote kwa mchezo huo. Mwaka 2002 ulirekebishwa kwa makusudi ya kuwazuia vijana. Edmund Bacon, mpangaji miji mashuhuri ambaye wazo la uwanja huo lilikuwa lake, alipinga hatua hiyo kwa kupanda ubao mwenyewe hadharani akiwa na umri wa miaka 92. Afrika Mashariki nayo haikosi mfano: katika kitongoji cha Kitintale, Kampala, vijana walijijengea kiwanja chao cha mchezo huo kwa saruji, mahali ambapo hawamzibii mtu mlango.

Kufanana kwa mambo haya si kukamilifu. Mchezaji wa Philadelphia akifukuzwa hukosa mchezo. Mchuuzi wa Mbagala akifukuzwa hukosa unga. Lakini hoja ina umbo lilelile: eneo la biashara linadorora kwa sababu nyingi zisizoonekana, na lawama huangukia kundi linaloonekana zaidi, lenye vijana wengi, na lisilo na nafasi katika vikao vya maamuzi.

Mizigo isiyoonekana barazani

Sababu hizo zisizoonekana hazihitaji kutafutwa mbali. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa mgomo, na Juni 2024 wakafunga tena. Wakati huo operesheni ya 2021 ya kuwaondoa wachuuzi ilikuwa imekwisha kufanyika. Malalamiko makubwa waliyoyatoa yalihusu ukusanyaji wa kodi na utaratibu wa ukaguzi. Kama kuondoka kwa meza za barazani kungekuwa ndiko tiba ya duka, isingetarajiwa wenye maduka wafikie hatua ya kufunga milango yao wenyewe ndani ya miaka miwili.

Yapo pia mashindano mapya. Tangu mwaka 2006 jengo la Mlimani City limekuwa likivuta wanunuzi wenye magari, ambao hupenda maegesho, kivuli na kupata vitu vingi mahali pamoja. Baadaye ukaja uuzaji wa simu: bidhaa huonyeshwa kwa picha mtandaoni, fedha hutumwa kwa simu, na pikipiki humfikishia mnunuzi nyumbani Kijichi au Bunju. Muuzaji huyo hana duka, hana meza, wala hatandazi kitu barazani, na hakuna mgambo awezaye kumbomolea. Kisha lipo pango, ambalo katika maeneo mengi ya jiji mpangaji hutakiwa kulipa miezi 6 au mwaka mzima mbele, kabla hajauza hata sabuni moja. Mtaji uliomezwa na pango haununui bidhaa, na duka lisilo na bidhaa halina mteja hata barabara iwe nyeupe namna gani.

Haki ya mwenye duka

Pamoja na yote hayo, haifai kumwona mwenye duka kuwa mtu wa wivu tu. Yapo malalamiko yake ambayo ni ya kweli na yanaweza kuthibitishwa kwa futi ya kupimia. Mlango ulioziba ni hatari wakati wa moto. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021 na soko la Karume likaungua Januari 2022, na kila aliyeona majanga hayo anajua thamani ya njia iliyo wazi. Meza iliyowekwa juu ya mtaro huzuia maji wakati wa masika. Watembea kwa miguu wakikosa njia hushuka barabarani kati ya bajaji na malori, na wanaoumia zaidi ni wazee, watoto na watu wenye ulemavu. Tena si haki kwa watu wawili kuuza bidhaa moja mahali pamoja, mmoja akibeba gharama zote na mwingine asibebe hata ya taka.

Lakini mabaya hayo ni ya mpangilio, na hutibiwa kwa mpangilio. Mtu mmoja anayetembea huhitaji upana wa sentimita 75 hivi, na kiti cha magurudumu huhitaji kama sentimita 90. Njia iliyoachwa wazi kwa mita 1.8 huwatosha watu wawili wenye viti vya magurudumu kupishana. Penye upana wa mita 3, meza ya mita 1 yaweza kukaa na njia ikabaki. Penye upana wa mita 1.5, meza isikae kabisa, na hapo marufuku ni ya haki kwa kuwa sababu yake inapimika. Mstari wa rangi, mlango usiozibwa, mtaro usiofunikwa, saa za kufungua na kufunga, na mchango mdogo wa usafi ni mambo yanayoweza kusimamiwa na serikali ya mtaa pamoja na viongozi wa wachuuzi wenyewe.

Kuwahamishia mbali ni jambo jingine, na limekwisha kufunza. Jengo la Machinga Complex, lililojengwa Ilala kwa mkopo wa NSSF na kukamilika mwaka 2010, lilikusudiwa kuwapokea maelfu ya wachuuzi. Sehemu kubwa ya vizimba vyake ilikaa miaka mingi bila watu, ingawa jengo liko karibu na Kariakoo yenyewe. Mchuuzi huishi kwa mpita njia, na mpita njia hapandi ngazi hadi ghorofa ya tatu kununua soksi. Mahali papya pasipo kituo cha basi karibu hupendeza siku ya uzinduzi tu.

Jaribio linalowezekana

Kilichokosekana katika operesheni zote hizo ni kipimo. Hata inaposemwa kwamba biashara iliongezeka baada ya wachuuzi kuondoka, mara nyingi hulinganishwa miezi isiyolingana. Mauzo hupanda mwisho wa mwezi, hupanda kuelekea Idi na Krismasi, hubadilika shule zinapofunguliwa Januari, na hushuka barabara zinapojaa maji. Anayelinganisha Oktoba na Desemba amepima sikukuu, hakumpima mchuuzi.

Jaribio la haki halihitaji mitambo. Zichaguliwe barabara mbili za Temeke zinazofanana kwa upana, kwa aina ya maduka na kwa umbali kutoka kituo cha basi. Na mbili nyingine za Kinondoni. Katika kila jozi, barabara moja ipangwe upya na ya pili iachwe kama ilivyo. Kabla ya mabadiliko na baada yake, wahesabiwe wapitao na wanaoingia madukani, kwa siku zilezile za wiki na saa zilezile, kwa muda usiopungua wiki 4 kila kipindi. Wenye maduka watakaokubali watoe jumla ya mauzo yao kutoka mashine za risiti za kielektroniki, pasipo kutaja majina. Wachuuzi nao waulizwe mapato yao, maana hasara yao ni sehemu ya hesabu ya taifa kama ilivyo faida ya wenzao. Wanafunzi wa vyuo, wakiwa na karatasi, kalamu na saa, wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko ya siku moja ya kubomoa vibanda.

Kabla ya matokeo ya namna hiyo kupatikana, ushahidi uliopo unaelekea upande mmoja. Wachuuzi wameondolewa mara kadhaa, wakarudi, na hali ya maduka haikuonekana kufuata kuondoka kwao wala kurudi kwao. Mkondo wa watu, pango, kodi na ushindani wa simu vina uzito zaidi. Hapana budi njia iwe wazi, mlango uwe wazi na mtaro uwe wazi. Hayo yadaiwe kwa nguvu zote. Lakini halmashauri itakayowaahidi wenye maduka wa Tandika au Mwenge kwamba wateja watarejea siku meza ya mwisho itakapoondolewa, itakuwa imeahidi jambo isilolipima, na watakaolilipia wa kwanza ni wale wenye akiba ndogo kuliko wote.